Nimepata semista moja Dresden, natokea Tukuyu. Mliowahi kwenda kusoma nje nipeni ukweli

binti_busokelo:

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nipo mwaka wa pili chuo kimojawapo hapa Mbeya, kwetu Tukuyu. Wiki iliyopita nimepata imeili kwamba nimechaguliwa kwenda kusoma semista moja Ujerumani, mji wa Dresden, kuanzia Oktoba hadi mwezi wa pili huko, ni ile mipango ya kubadilishana wanafunzi ya Erasmus. Nauli wanatoa na hela ya kujikimu kila mwezi wanatoa. Niliposoma nilipiga yowe mpaka mama mwenye nyumba pale Ilomba akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna mwizi.

Sasa furaha imepoa yamebaki maswali. Sijawahi kupanda ndege, mbali nilikofika ni Dar mara mbili tu na mara ya pili nilienda msibani nikalala siku mbili nikageuza. Baba ni mzee wa kanisa, Moravian, yeye anasema nenda mwanangu, hao ndio walioleta injili Rungwe mwaka 1891 kwa hiyo unaenda kwa ndugu. Mama hasemi nenda wala usiende, ila kila nikipiga simu lazima aulize "na huko utakula nini". Mama mdogo ndo kabisa, anasema wasichana wanaoenda Ulaya hawarudi, na wakirudi hawaolewi.

Ninachotaka kujua ni hivi, baridi yao mtu wa Tukuyu anaiweza au ndo nitalia? Hela inatosha kutembea kidogo au ni ya kula na kulala tu, maana naona watu wanarusha picha leo Paris kesho Roma sijui wanatoa wapi. Na kubwa kuliko yote, hiyo semista nikirudi itahesabika? Kuna mwenzangu darasani kaniambia utarudi uambiwe ulikuwa mtoro. Naombeni wajibu waliokwenda kweli sio wa kuhadithiwa.

mzee_mafiati:

Hongera binti. Kama unasita nipe mimi hiyo nafasi, nina miaka 47 na darasa la saba langu.

mwana_wa_kitulo:

Mdogo wangu umefika kwa mwenyewe, mimi nilikuwa Dresden hiyo hiyo, Oktoba mpaka Machi. Kwetu Makete.

Nianze na baridi. Mimi niliondoka na kiburi, nikasema mtu aliyekulia Makete, asubuhi ya Julai unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu, unaenda shule na sweta la kuungaunga, huyo atatishwa na nini. Asubuhi moja ya Januari simu ikaniandikia hasi 9 nikajua mimi na baridi tulikuwa tunafahamiana kwa sura tu. Lakini nakwambia ukweli baridi sio shida, ndani kwao kuna joto mpaka unakaa na tisheti, shida ya nyumba zetu ni kwamba nje na ndani ni baridi ile ile. Usinunue masweta mazito kama ya mlinzi, ukiingia darasani utachemka kama maharage. Vaa nguo nyepesi nyingi ndani na koti moja la maana juu. Koti nenda mitumba Mwanjelwa kabla hujaondoka, mimi langu nililipata kwa elfu 25, nilipofika nikakuta kwenye mfuko wa ndani kuna lebo ya duka la Leipzig, yani koti limerudi kwao kwa nauli yangu. Viatu usibane hela, tafuta vyenye soli nene yenye meno.

Kinachoua sio baridi, ni giza. Hili hakuna aliyeniambia. Desemba jua la Dresden linachomoza saa mbili asubuhi, na saa kumi kasoro dakika tano jioni limeshazama. Sie tumezoea jua linazama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Unatoka lekcha ya mchana nje usiku, unajiuliza nimelala wapi. Wiki ya tatu ya Novemba nilikuwa naamka nimechoka, sina hamu ya chakula, simu za nyumbani sipokei, nikadhani nimerogwa. Msomali mmoja wa hosteli ndo aliniambia toka nje kila siku saa sita mchana hata kama kuna mawingu, tembea nusu saa. Nikawa natembea pembeni ya mto Elbe kama mlinzi wa daraja. Ilisaidia.

Halafu saa zao. Sikiliza vizuri hapa. Nilifika Ijumaa, nikampigia yule mzee anayetunza funguo za hosteli, akaniambia njoo kesho "halb neun". Mi Kijerumani changu cha miezi miwili, neun ni tisa, yani saa tatu yetu, halb ni nusu, basi nikahesabu saa tatu na nusu. Nikaoga, nikala, nikaenda na begi langu saa tatu na robo nikijisifu nimewahi. Kumbe kwao halb neun ni nusu ya kuelekea tisa, saa mbili na nusu! Mzee alikuja, akasubiri, akaondoka, na Jumapili hafanyi kazi. Nimelala siku mbili kwenye kochi la Mvietnam ambaye hatukuwa na lugha ya pamoja hata moja, tunachekeana tu. Na hiyo Jumapili maduka yote yamefungwa, yani yote, tulikula biskuti. Kwa hiyo Jumamosi nunua chakula.

Kutembea: hapo Dresden umekaa pazuri. Prague ni kama saa mbili na nusu kwa treni. Na nenda Görlitz, mji upo mpakani, katikati unapita mto Neisse na daraja la miguu, unavuka kwa miguu upo Poland. Hakuna anayegonga muhuri. Nilivuka nikanunua soseji nikarudi nikavuka tena kwa makusudi, nilikuwa nakumbuka foleni ya malori Tunduma.

suka_wa_tunduma:

Mkuu unasema unavuka mpaka hakuna hata dogo wa kukukimbilia na bunda la kwacha? Hao wanaishije

mwana_wa_kitulo:

@suka_wa_tunduma hahaha hamna. Na hela ni tofauti, upande wa pili wanatumia zloty, mi nilitoa euro yule mama wa soseji akaipokea ila chenji alinipa anavyojua yeye, hapo ndo nikajisikia nyumbani.

Ila angalizo kwa mleta uzi, kutogongewa muhuri sio kwamba hawakagui. Tangu Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wameweka ukaguzi mipaka yao yote ya nchi kavu, wanapanda kwenye basi au treni wanaangalia sura, na sura yetu unajua wanavyoiangalia. Tembea na pasi yako na kibali cha kuishi, sio picha kwenye simu.

dada_kihesa:

Kamwene mdogo wangu, hongera sana. Mimi ni wa Iringa, nilikuwa Bremen, kaskazini huko. Kaka wa Makete kamaliza baridi ngoja mi niseme hela kwa sababu wanaume huwa hawasemi walivyolala njaa.

Hela yao inatosha, ila haiji siku unayoihitaji. Ili ikuingie wanataka akaunti ya benki ya kule, akaunti wakaniambia nilete karatasi ya kujiandikisha mtaani, yani unaenda ofisi kama za serikali ya mtaa kusema mimi naishi hapa, na sheria yao ni ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na huko hawakuandikishi bila barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye alitaka dhamana ya chumba kwanza. Umeona mzunguko? Hela yangu ya kwanza iliingia wiki ya tano. Nilikuwa nimebeba euro 300 za mchango wa ukoo, wiki ya tatu nilikuwa natengeneza uji wa ngano asubuhi, mchana, jioni. Kwa hiyo usitoke nyumbani mikono mitupu ukisema watanipa. Ukiweza euro 600 au 700 taslimu, kopa, mwambie baba auze hata ndama, utamrudishia kabla ya Krismasi. Na waandikie sasa hivi uwaulize kama sehemu ya hela inaweza kutoka kabla hujasafiri, vyuo vingine vinakubali, mimi sikuuliza kwa aibu.

Chupa usitupe. Chupa za plastiki za soda na maji zile ni senti 25 moja, kuna mashine supamaketi unaingiza inakupa karatasi unakatwa kwenye bei. Ni kama kreti ya soda kwetu tu. Baada ya sherehe za hosteli mi nilikuwa nakusanya bila haya, chupa 20 ni euro 5, hiyo ni mchele na mayai.

Usafiri uliza chuo chako kuhusu tiketi ya muhula. Vyuo vingi ada ya muhula ina tiketi ndani yake, yangu ilinipandisha treni za mikoa bila kuongeza hata senti, ila zile za kasi usithubutu, faini ni euro 60. Treni za mikoa zinasimama kila kijiji lakini mtu aliyetoka Mbeya kwenda Dar kilomita mia nane na kitu kwa basi, na Kitonga katikati, atalalamika nini kuhusu treni. Nilibeba ndizi zangu na chupa ya chai naenda.

Sasa nikwambie safari moja ambayo wala sikupanda treni. Stesheni kuu ya Bremen, pembeni yake kabisa kuna jengo kubwa la makumbusho, Übersee-Museum. Nilipita hapo mwezi mzima naenda shule sijui ni nini. Siku moja mvua imenibana nikaingia. Nimezunguka nikiangalia mitumbwi na vinyago, ndo ikanijia kichwani, hapa si ndo Bremen ile. Mimi ni Mhehe, Kalenga nimeenda na shule nikiwa darasa la tano, nimesimama mbele ya lile fuvu la Mkwawa kwenye kioo, mwalimu anatuambia lilichukuliwa na Wajerumani alipojiua 1898, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, na halikurudi mpaka 1954, gavana Twining alipolifuata huko huko akaja kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu. Alilifuata hapo. Kwenye hilo jengo nililokuwa nalipita na mkate mkononi. Na kulikuwa na mafuvu mengi, sio moja, ilibidi wapimepime wachague, ndo maana mpaka leo kuna watu wanabishana kama ni lenyewe.

Nilikaa kwenye benchi. Mlinzi mama mmoja mtu mzima akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia natokea Iringa. Hakuijua. Nikamwambia Mkwawa, hakumjua. Akaniletea maji. Sikuwa na hasira naye jamani, sijui nilikuwa na nini, nilimpigia baba nikiwa pale pale, baba akanyamaza kidogo akaniuliza "umewasalimia?" maana yake hao waliobaki. Nikasema ndiyo.

Berlin napo nenda, kwenye makumbusho ya viumbe kuna mifupa ya yule mjusi wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, waliyochimba 1909 mpaka 1913, ana urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto wa Kijerumani wamejaa wanapiga picha. Mi niliangalia miguu yake nikawa nawaza wale wapagazi, maana mifupa ilibebwa kichwani kwa miguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200.

mzee_mafiati:

Hii ya baba kuuliza umewasalimia imenikaa kooni.

fundi_njombe:

Wote mmeongea safari, swali lake kubwa hamjaligusa. Mimi semista yangu haikuhesabika. Naandika hapa kwa uchungu.

Chuo changu sitaji. Nilienda Poland, nikasoma, nikafaulu vizuri tu, nikarudi na karatasi yangu, idara wakaniambia kozi mbili hazipo kwenye makubaliano. Ukweli ni kwamba kabla ya kwenda unajaza mkataba wa masomo, wenyewe wanauita Learning Agreement, unaandika kozi utakazosoma kule na zitahesabika badala ya zipi huku, unasaini wewe, chuo chako na chuo cha kule. Mimi nilisainiwa vizuri. Nilipofika nikakuta kozi mbili nilizochagua zinafundishwa kwa Kipolandi, ikabidi nibadilishe. Kule wakaniambia sawa hamna shida. Huku nikamtumia mratibu imeili, hakujibu, nikanyamaza nikasema atakuwa ameona. Hapo ndo nilijimaliza. Ukibadilisha kozi lazima mkataba ubadilishwe na usainiwe upya na pande zote, imeili isiyojibiwa sio saini.

Jambo la pili ni hesabu ya krediti. Mwaka wao mzima ni krediti 60, wa kwetu ni 120, kwa hiyo moja yao ni kama mbili zetu. Mimi nilileta 24, afisa mmoja akaniangalia akasema "umeleta ishirini na nne tu, ulikuwa unafanya nini huko?" Nimechukua wiki tatu kumwelewesha hilo, hilo tukamaliza, zile kozi mbili zikanishinda. Nimezirudia na wadogo zangu, wenzangu wamehitimu naangalia picha zao kwenye simu.

Kwa hiyo dada: mkataba usainiwe na mkuu wa idara mwenyewe, sio mtu akwambie kwa mdomo "nenda tu tutamaliza ukirudi". Chapa nakala 3, moja iache kwa baba. Kila kozi chukua mtaala wake wenye mada na saa za kufundishwa. Uliza kozi zinafundishwa kwa lugha gani KABLA. Na uliza mitihani ya huku itakuwaje, maana kalenda zao na zetu hazilingani, wao mitihani mwezi wa pili nyinyi mtakuwa mmeshaanza semista ya pili.

binti_busokelo:

Jamani ndaga fijo, nimesoma yote mara mbili. @fundi_njombe pole sana kaka, mwili umenisisimka kwa sababu hayo maneno "nenda tu tutamaliza ukirudi" nimeambiwa juzi Alhamisi kwa sauti ile ile. Jumatatu naenda kukaa mlangoni kwa mkuu wa idara mpaka asaini.

@dada_kihesa nimemsomea baba ile ya Bremen kwa simu, alitulia kimya nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza Dresden na Herrnhut ni mbali? Maana huko ndiko walikotokea wamisionari waliokuja Rungwe.

mwana_wa_kitulo:

Sio mbali. Treni mpaka Löbau halafu basi. Ni kamji kadogo sana, usitegemee makubwa, kalianza 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia kwenye shamba la bwana mmoja Zinzendorf, 2024 UNESCO wamekaingiza kwenye urithi wa dunia. Nenda makaburini kwao mlimani, mawe yote yamelazwa chini yanafanana, tajiri na mfanyakazi sawa, wanaume upande wao wanawake upande wao, ila Zinzendorf na ukoo wake tu ndo wameinuliwa katikati, hapo usawa ulipata dharura kidogo. Na kile kijitabu cha neno la kila siku anachosoma baba, wanakitoa hao tangu 1731. Desemba utaona zile nyota zao za karatasi zenye ncha 25 Dresden yote, mnunulie moja ndogo, inakunjuka, haijazi begi.

mama_uyole:

Mwanangu mimi sijaenda, mwanangu wa kiume ndo yuko huko mwaka wa pili huu, kwa hiyo nisamehe najibu la mama yako maana ndo swali ninalolijua. Mwambie mama utakula. Ugali wanapika kwa unga wa ngano ule wa punjepunje kama suji, wa mahindi upo maduka ya Waafrika na Waasia ila ghali. Wangu nilimfungia kilo tano za unga na mchele wa Kyela, vikafika. Nyama kavu na maziwa usijaribu, wanazuia kabisa vinavyotoka nje ya Ulaya. Matunda pia mengi hayaingii bila cheti cha mimea, nilimfungia maparachichi sita ya Rungwe wakamtoa nayo uwanjani, na ukienda sokoni kwao utakuta parachichi moja linauzwa zaidi ya euro moja, sie huku ndoo inaoza. Ila ndizi hazihitaji cheti, hizo hata nanasi ruksa.

Na mama mdogo mwambie wangu amerudi likizo mara moja, na kwanza kabisa alichofanya ni kulala mpaka saa nane mchana kisha akauliza kande zipo.

binti_busokelo:

Mama shikamoo, asante sana. Nimempigia mama sasa hivi nikamwambia ndizi zinaruhusiwa. Ameuliza mkungu mzima au vichane.

mama_uyole:

Marahaba mwanangu. Mwambie vichane. Na mbichi.